Siku Delmar Alipobaki Benchini

Delmar Kuchera alikuwa mdakaji wetu, na besiboli ilikuwa imemla vidole kimoja kimoja. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira inayokuja kwa kasi ya kuua. Baada ya miaka mingi ya ligi ndogo, mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda hata vifungo vya shati vinamshinda. Pua nayo ilishahama mahali pake. Baba yake alifukiwa na mgodi wa shaba hapa hapa mjini Butte, na Delmar alitaka kitu kimoja tu duniani: kucheza ligi kuu, hata mechi moja.

Mimi nililinda kituo cha tatu kati ya vinne ambavyo wakimbiaji huvipitia. Ya hapa Butte niliyaona mwenyewe.

Agosti ile tulikuwa tunawania ubingwa na timu moja ya jimbo jirani la Idaho, mabazazi watupu. Asubuhi ya mechi simu ikalia kwa kocha Haskell. Mdakaji wa timu ya ligi kuu huko mashariki kavunjika mguu, wanamtaka Delmar mara moja.

"Leo hugusi mpira, wanakutaka mzima," Haskell alimwambia. "Kaa benchini, mkono mfukoni."

"Na wakianzisha fujo, kocha?"

"We kiziwi? Mfukoni!"

Sasa, kwetu wenzako wakipigwa uwanjani, benchi linabaki tupu. Mgonjwa anatoka, mwenye plasta anatoka. Asiyetoka hana timu, na hakuna anayehitaji kuambiwa.

Siku hiyo mrushaji wetu wa mpira alikuwa Finn Maddigan, rafiki wa Delmar wa kufa na kuzikana, aliyemsimamia binti wa Delmar ubatizo. Jana yake wale wa Idaho walimchana mwenzetu paja kwa njumu za viatu, kwa hiyo Finn alimlenga mpigaji wao wa kwanza mbavuni kwa mpira. Mfupa ulilia, tukausikia wote.

"Vipi, mrembo, nikuletee mto?" Finn akamkejeli.

Jamaa akainuka na gongo lake mkononi. Finn alilikinga kwa mkono, mkono ukaning'inia. Hapo tukavamiana. Mtu alinipasua mdomo, nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu, na sikujua tena ni yake au yangu. Watu wanne walimlalia Finn, wakamkanyaga usoni kwa njumu.

"Del!" alipiga kelele. "Del, njoo unitoe!"

Niligeuza kichwa. Delmar alikuwa peke yake kwenye benchi refu, mkono mfukoni, machozi yanamtiririka. Polisi walipofika, jicho la kushoto la Finn lilikuwa limekwisha.

Nilimchukia Delmar, sifichi. Alipopanda treni nilimtemea mate viatuni, naye hakuyafuta.

Kule mashariki habari zilishamtangulia. Nahodha wao alimkuta anavua koti.

"Wewe ndiye yule aliyekaa?"

"Ndimi."

"Haya. Karibu."

Hakuna aliyempa mkono.

Katika mechi yake ya kwanza, mkimbiaji wa wapinzani alimjia kutoka kituo cha tatu, akiwania kituo cha mwisho anacholinda mdakaji, na kumgonga kifuani kwa bega, akamwangusha chali. Delmar hakuuachia mpira; kwa sheria mkimbiaji akawa ametolewa. Hilo lilimtia yule mtu wazimu. Alimpiga teke la shingo, kisha akaukanyaga ule mkono wa kulia na kuuzungushia njumu, kama mtu anayezima sigara. Delmar aliinua kichwa akatazama benchi la timu yake.

Haya ya mashariki alinisimulia mwenyewe majira ya baridi, jikoni kwa Finn. Ndiyo, kwa Finn. Aliporudi, ni Finn aliyekwenda kumpokea stesheni, akiendesha gari kwa jicho moja na kuwatukana wote waliompigia honi. Sasa alikuwa anamkatia nyama sahanini, maana ule mkono haukuweza tena kushika kisu.

"Walikuwa wameketi wote," Delmar alisema. "Wanatafuna tumbaku, wananitazama. Mwamuzi ndiye aliyemvuta yule mtu. Mimi sikumwita hata mmoja. Ningemwita nani?"

Nikamtazama Finn. Alimaliza kukata kipande cha mwisho, akamsogezea sahani.

"Kula, Del," alisema. "Mimi niliita."