Nsansa ya Mama

Enzi zetu kule Sikonge, ukiona nyumba inapika wali na si Krismasi, ujue kuna mgeni au kuna mgonjwa. Sisi tulikula ugali wa uwele, mlenda, uyoga wa porini mvua zikianza, na kiangazi kizima nsansa, yale majani ya kunde ambayo Mama aliyachemsha na kuyaanika mpaka yakakauka. Siku za shamba tulitafuna michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Baba alipenda kusema kwamba babu yake alibeba mizigo ya misafara mpaka pwani na kurudi kwa nguvu ya michembe. Tulikuwa tisa kwenye sahani moja, tukisukumana viwiko, na mwenye tonge kubwa alichekwa mpaka kesho yake.

Mimi nsansa niliionea aibu. Mama akiniita jikoni nijifunze kuipika, nilijificha nyuma ya daftari.

"Haya, soma," alisema. "Siku moja tumbo litakuuliza."

Nilisoma, nikahamia Tabora mjini, nikaolewa, nikafiwa na mume. Siku hizi friji langu halifungi vizuri kwa kujaa. Wanangu walioko Dar hunitumia sembe nyeupe kama chokaa, mafuta, biskuti. Wajukuu wakija likizo hula chipsi mchana na jioni, na ndoo ndogo ya maji wanaipumzisha njiani mara mbili. Nilikuwa nawacheka, mpaka mwezi uliopita nilipoanguka sebuleni, peke yangu. Daktari akasema damu imepungua. Nikamwambia mbona nakula nashiba.

"Unashiba, mama, lakini mwili haupati kitu. Kula mboga za majani."

Nilipompigia binti yangu kumweleza, alishangaa: "Kwani chakula kimeisha?"

Jana nilikwenda sokoni, nikapata nsansa kwa msichana aliyetoka Puge.

"Shikamoo, bibi. Kuipika unajua?"

"Marahaba. Najua," nikamdanganya.

Nyumbani niliiloweka, nikabaki nimeitazama. Magadi hutiwa kabla ya karanga au baada? Huoshwa mara ngapi mpaka mchanga utoke? Zamani ningeuliza jirani yeyote kwa kupaza sauti tu uani. Leo kila nyumba ina ukuta na geti. Nikachukua simu, nikapitia majina yote, moja moja, mpaka la mwisho. Waliojua kuipika wote nimeshawazika.