Udongo wa Baba

Nasema mama tulimzika Columbus, huku Marekani, lakini aliyemzika ni mashine. Msimamizi wa makaburi aliufunika udongo kwa zulia la kijani, akatuomba twende zetu, wafanyakazi watamalizia. Mdomo wangu hauna breki, nikamfokea. Haikusaidia. Baba, aliyewachimbia watu makaburi miaka yote tuliyoishi kambini Tanzania, aliondoka bila kumtupia mkewe hata konzi moja ya udongo. Tangu siku hiyo aliogopa jambo moja tu: kufukiwa kama mama.

Mwaka uliofuata mzee mmoja Mmennonite, wa wale Wakristo wasioendesha magari, aliyekuwa akija na dereva kuleta mbao kwenye bohari ninakofanya kazi, alitualika kwao. Ni mbali, hata simu hazishiki. Alituonyesha nyumba yao ya ibada, haina umeme wala msalaba, akasimulia jinsi mababu zake huko Ulaya walivyochomwa moto na kutoswa mtoni kwa sababu ya ubatizo, wakawa wa kukimbia nchi hadi nchi. Nilimtafsiria baba. Akasema kumbe hawa nao ni wakimbizi, ila hawakupanga foleni ya mahindi. Mzee alicheka.

Nyuma ya nyumba ile wanaume walikuwa wakimchimbia jirani yao kaburi kwa mabeleshi. Mzee akaeleza kwamba kwao halipwi mtu kuzika; majirani huchimba, majirani hufukia, huku wengine wakiimba mpaka kaburi lijae. Baba alivua koti. Nilimkumbusha moyo wake mgonjwa. Akashuka shimoni, akachonga kona taratibu kama alivyozoea kambini. Nililia, wala sioni aibu kusema.

Alipotoka alinituma nimuulize mzee: "Nikifa mimi, mtakuja?"

"Tutakuja," mzee akasema.

Sikuamini. Kuahidi ni rahisi.

Baba alifariki wakati wa theluji. Shangazi alitoka Louisville, kaka yangu Buffalo. Mzee nilimpelekea habari kwa yule dereva wa mbao, kutimiza wajibu tu. Makaburini tukakuta zulia lilelile, tukaambiwa maneno yaleyale. Nikasema safari hii hatuondoki. Msimamizi alikuwa bado ananieleza sheria zake wakati gari liliposimama langoni, wakashuka wanaume wenye kofia nyeusi, kila mmoja na beleshi lake.

Msimamizi akawapisha. Mzee alivua kofia, akalikunja lile zulia, kisha beleshi lake akanipa mimi kwanza.