Njahi za Mama Mkwe

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa miaka ya sabini, msimu wa mvua ndefu, tukiwa tumepanga nyumba Mweiga. Mimi ni mzaliwa wa Taita, mume wangu ni wa Kutus. Nilikuwa sijapata hata usingizi mama yake alipoingia na kiondo kilichojaa njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ubavuni.

Alizichemsha, akamwaga maji ya kwanza kwa sababu ni machungu, akazichemsha tena, kisha akaziponda na ndizi mbivu. Asubuhi njahi. Mchana njahi. Jioni uji, halafu njahi.

“Kwa Kiswahili hizi ni fiwi,” nilimwambia siku moja, ili tu nichelewe kula.

“Ati fiwi? Hiyo ni jina gani? Hii ni njahi. Kula, mama, maziwa ikuje.”

“Na kwa nini zinaitwa njahi?”

“Si ni mvua? Hii mvua inanyesha saa hii ni mvua ya njahi.”

“Kwa hivyo zilipewa jina la mvua?”

“Hapana! Mvua ndio ilipewa jina ya njahi.”

“Na njahi zenyewe je?”

“Wewe unauliza kama karani. Kula.”

Nilikula, huku nikisikia harufu ya viazi vya jirani vikikaangwa. Mweiga imejaa viazi, na mimi sikupewa hata kimoja.

Siku mama mkwe alipoenda sokoni nilimsihi mume wangu anikaangie. Alivimenya vibaya, lakini vikaiva, vikawa vyekundu pembeni. Nilikuwa nimeshika cha kwanza mlango ulipofunguka: mama alikuwa amesahau mwavuli.

Hakufoka. Alichukua sufuria, akamimina njahi juu ya viazi, akaponda vyote mpaka vikawa rangi ya udongo.

“Sasa iko sawa,” akasema, akanirudishia sahani.

Nililia machozi kabisa. Mume wangu aliinamisha kichwa, akala fungu lake bila kuniangalia, na hilo liliniuma kuliko viazi vyenyewe.

Maziwa yalikuja mengi, siwezi kukana. Mama mkwe alizunguka kwa majirani wote akiwaambia ni njahi zake. Nilitaka kusema kwamba mimi pia nilihusika, lakini nani angenisikiliza?