Unga Niliotia Kwenye Uji wa Mwende

Mwanangu, kwa kuwa nawe sasa unalea wadogo zako, na mmoja wao ana figo mpya, nikwambie siku moja ambayo hata leo sijaisahau. Nilikuwa nimeketi katika kliniki ya figo na mdogo wangu Mwende, mwezi mmoja baada ya kupandikizwa figo niliyomtolea mimi mwenyewe. Nesi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hizi dawa utameza maisha yako yote. Kazi yake ni kushusha kinga ya mwili."

Labda walikuwa wameshatuambia kabla, lakini siku hiyo ndiyo niliyosikia.

Ili unielewe, ujue nilikotoka. Neno kinga nililijua nikiwa darasa la saba, walipokuwa wakipima ya baba, kisha ya mama, na kila mara imeshuka zaidi. Iliposhuka hadi mwisho tukawazika wote wawili kule Kitui, nami nikaacha shule, nikaja Kibera kutafuta vibarua ili wadogo zangu watatu wale. Kwetu basi, kinga ni kitu cha kupandishwa. Anayeishusha ni adui. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nikaanza kushuku. Mwende alivimba mashavu, mikono ikawa inatetemeka akishika kikombe, vinyweleo vikamwota kidevuni. Pale Raila, mtaa wa Kibera tulikopanga chumba, wasichana kwenye foleni ya maji walimtania kwamba amekula nyama ya hospitali na hakuwabakishia hata mfupa. Yeye alicheka, mimi sikucheka. Kila kliniki walimtoa damu, chupa tatu, chupa nne, nami nikajiuliza inapelekwa wapi. Nikamshuku nesi. Nikamshuku daktari, kwa sababu aliandika sana na kusema kidogo. Wazee husema wasiwasi ndio akili, na mimi nilijiona nina akili kuliko wote waliosoma.

Lakini kuuliza, sikuuliza. Mtu aliyeishia darasa la saba huona haya kufungua kinywa mbele ya makoti meupe, na haya ikikaa sana hugeuka hasira.

Nikaenda Kawangware, pale kituo cha matatu cha 56, ambako nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi palikuwa na mzee muuza miti shamba. Sikumwambia habari za figo. Nilimwambia tu nina mgonjwa aliyeshuka kinga. Akanipimia unga wa kahawia, akaahidi kwamba baada ya mwezi mgonjwa wangu atabeba mtungi wa maji kutoka bombani bila kupumzika. Ajabu ni kwamba yeye sikumshuku hata kidogo. Ndivyo tulivyo, mwanangu: anayetuambia tusiyoyapenda tunamchunguza, anayetuambia tunayoyataka tunampa mkono.

Kila asubuhi nikawa natia kijiko kimoja katika uji wa Mwende. Alilalamika kwamba uji umekuwa mchungu. Nikamjibu kwamba ni wimbi ya msimu huu.

Wiki ya tano miguu ikamvimba na mkojo ukapungua. Kliniki wakapima, daktari akaisoma karatasi, kisha akamuuliza Mwende kama anaruka dawa. Akasema haruki. Akamuuliza tena, polepole, kama anavyoulizwa mtoto aliyelamba sukari. Mwende akaapa kwa kaburi la mama. Niliona daktari haamini, nami niliyeketi kando yake nikatazama viatu vyangu. Wakamlaza. Kila saa ya dawa nesi alisimama kando ya kitanda hadi ameze, kisha akamwambia afungue kinywa, aone. Msichana wa miaka ishirini na miwili.

Alasiri nilirudi nyumbani kumchukulia nguo. Mama Halima, mwenye ploti ya vyumba tulimopanga, Mnubi ambaye hata mama yake alizaliwa Kibera, alinikuta nimeubeba mfuko wa unga nikielekea chooni kuumwaga. Akauliza ni nini. Nilikuwa nimechoka kuficha, nikamweleza yote. Hakupaza sauti.

"Mutua, wewe umemshuku daktari. Daktari anamshuku dada yako. Na anayejua ukweli ndiye huyu anakimbilia choo. Rudi na huo mfuko hospitali."

Nikamwambia daktari atanifukuza.

"Akikufukuza, miguu si unayo?"

Nikarudi hospitali na mfuko, nikaanza kumweleza Mwende. Alisikiliza akiangalia dari. "Figo uliniuliza, nikakubali," akasema. "Huo uji pia ungeniuliza, kaka."

Daktari hakunifukuza. Alinieleza kwamba mwili una askari wake, na kwao figo yangu ni mgeni asiye na kitambulisho, hata kama imetoka kwa ndugu. Dawa huwaketisha askari hao. Unga wangu huenda uliwaamsha, au ulizuia dawa kufanya kazi. Hakuweza kujua, kwa kuwa hakuna aliyejua kilichomo. Na ile damu ilipimwa kuona kama dawa imezidi au imepungua. Yote niliyoyashuku yalikuwa na majibu, nami sikuwa nimeuliza hata swali moja. Kisha akamgeukia Mwende, akamwomba radhi. Hilo liliniuma kuliko kufukuzwa.

Walimtundikia dawa kali siku tatu. Figo ikashika kazi tena, lakini haikurudi ilivyokuwa. Ilimtumikia miaka tisa. Leo Mwende yuko kwenye mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki, na hakuna ajuaye unga ule ulikula miaka mingapi. Yeye hajawahi kunitajia. Mimi hujitajia mwenyewe.

Sikwambii usishuku, mwanangu. Hata leo kidonge kikibadilika rangi nasimama dirishani pa dawa na kuuliza mpaka foleni inung'unike. Nakwambia shaka isilale tumboni. Itoe kinywani, mbele ya yule yule unayemshuku. Usimpe mgonjwa wa figo mpya kitu ambacho yeye na daktari wake hawakijui, hata kama ni jani la chai la jirani. Saa ya dawa isipite. Homa ndogo ipelekwe hospitali leo, usingoje kesho, maana mwili ulioshushwa kinga haupigi kelele mara mbili. Na ukikosea, sema kabla lawama haijamkalia asiye na kosa.

Mungu akupe jicho la kuona na ulimi wa kuuliza mapema. Na hao unaowalea wakuzike wewe, usiwazike wao. Amina.