Salamu Thelathini na Saba, Njia ya Vumawimbi

Mandari ya mwaka huu imenigharimu shilingi tisa na nusu, jozi moja ya makubadhi, na heshima yangu mbele ya karani mmoja wa Chake, ambayo hata hivyo haikuwa nyingi. Nimehesabu mara mbili. Sijutii hata senti, ila makubadhi.

Mlio mbali mtauliza kwa nini watu wazima waende kula pilau porini na simu ya upepo mgongoni. Sababu ni mandari ya mwaka jana. Tulitoka Chake watu ishirini na sita, tukakata msitu wa Ngezi kwa miguu, na chakula kikaja nyuma kwa gari la ng'ombe. Watu walifika Vumawimbi. Chakula kilifika Verani, pwani ya upande wa pili. Tulishinda kwa madafu, mpaka Kombo, mshonaji wetu wa kanzu, akasema anaogopa kuinama asije akamwagika.

Sasa, tunaye Hamad, aliyerudi vitani juzi juzi. Kazi yake huko ilikuwa kubeba simu ya upepo. Aliporudi alipitia Mombasa, kwenye mnada wa vitu vya jeshi, akatia malipo yake yote ya askari katika masanduku mawili ya simu hizo. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Wawili hawawezi kusema pamoja. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: sanduku moja likae na walaji, la pili likae na pilau.

Lakini kitu kile hakisemewi bila kibali cha serikali. Nikatumwa mimi afisini, kwa kuwa nimezoea kubishana. Nilikwenda mara tatu. Masharti yalikuwa manne. Wasemaji wawe wawili tu, walioandikwa majina. Wasiseme nje ya njia ya Konde hadi Vumawimbi. Waseme maneno ya msafara tu, si soga. Na kila neno liandikwe katika daftari, daftari lirudi afisini. Nilijaribu kuyapunguza yawe mawili. Karani akaniambia, "Haya si mapapai, bwana." Likivunjwa sharti moja, masanduku yanachukuliwa yote mawili. Hamad alipokisoma kibali aliyatazama masanduku yake kama mtu anayeagana na wanawe.

Daftari nikapewa mimi. Walisema nina tabia ya kuhesabu.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Chake kwa lori la kukodi. Niliwahesabu watu wakipanda, ishirini na sita. Nikawahesabu tena, ishirini na saba. Dereva akanikumbusha kwamba yeye naye ni mtu.

Saa mbili u nusu tulishuka Konde, nyumbani kwa Bi Mize, shangazi yake Hamad. Alikuwa amekesha na wenzake watatu na sufuria nne za pilau, zimefunikwa na kufungwa kwa vitambaa. Msemaji wa pili katika kibali alikuwa yeye. Hamad alitaka mwanamume, Bi Mize akamwambia, "Pilau niipike mimi, kisha nani aisemee?" Hamad alikwishamfundisha kitufe wiki iliyopita, na sasa akamkumbusha.

"Shangazi, betri hizi hazina maisha. Tuseme machache."

"Mimi tangu lini nikasema mengi?" akauliza Bi Mize. Wenzake watatu wakaangalia juu ya paa.

Tukapakia sufuria katika gari la ng'ombe, lile lile la mwaka jana, tukafunga sanduku moja mbele, na Bi Mize akapanda na wenzake watatu, akakaa kando ya sanduku. Sisi tukatangulia kwa njia ya mguu.

Saa nne tulikuwa katikati ya Ngezi. Miti kule imesimama mirefu hata jua linaingia vipande vipande, na ardhi ina unyevu unaovuta makubadhi. Hamad akasimama, akainua waya wake wa juu, akabonyeza.

"Bi Mize, Bi Mize. Mmefika wapi?"

Sauti ikatoka sandukuni, safi kama yupo hapo.

"Hamad, ndiko kuamkia kwako huko? Hapana shikamoo?"

"Shangazi, tumeonana asubuhi."

"Asubuhi ilikuwa asubuhi."

Akamwamkia. Akaulizwa hali, akajibu. Akaulizwa hali ya mama yake, ambaye ni wifi yake Bi Mize na ambaye Bi Mize alikuwa naye juzi. Akaulizwa homa ya mtoto. Kila jibu ni kubonyeza, kila swali ni kuachia. Mimi naandika, jasho linadondokea daftari. Mara tukasikia sauti nyingine kwa mbali, "Na mie nipe nimsalimie." Hamad akabadilika rangi.

"Shangazi, wasiseme wengine. Majina yao hayamo."

"Najua. Bi Asha anakusalimu. Nasema mimi, si yeye."

Kisheria sikuona pa kumshika. Wote watatu walipitisha salamu zao kwa kinywa cha Bi Mize, na njiani kila aliyepishana na gari akapitisha zake. Mkulima wa muhogo anasalimu. Mama muuza samaki anasalimu, anauliza kama Hamad ameoa. Kombo akaniuliza, "Yakhe, simu hii inauliza chakula kiko wapi, au inaposa?"

Kabla ya saa sita sauti ilianza kupungua. Salamu ya mwisho niliyoiandika ilikuwa imefifia kama mtu anayesema ndani ya mtungi: Mzee Faki anakusalimu, mguu wake haujambo. Kisha sanduku likanyamaza.

Saa saba tuliingia Vumawimbi. Mchanga mweupe, maji ya rangi tatu, upepo mzuri, na pilau hakuna. Tuliswali, tukakaa, tukaangalia njia. Saa nane, njia ni ile ile. Hamad alibonyeza mara mbili, sanduku likakwaruza tu.

Kombo akasema, "Kuna kilima kule kwenye mnara wa taa, Kigomasha. Ukipanda juu, hata chembe hii ya betri itafika."

"Kigomasha haimo katika kibali," akasema Hamad.

"Nani atajua?"

Wakanigeukia mimi na daftari langu. Nilikuwa na njaa, sitasema uongo. Niliwaambia nikiandika, atajua karani. Nisipoandika, nitajua mimi, na mimi ni mtu mwenye maneno. Hamad alilalaza sanduku mchangani, akalikalia.

Kwa kuwa sikuwa na la kutafuna, nikaanza kuhesabu daftari. Semi arubaini na tatu. Salamu zilikuwa thelathini na saba. Nikahesabu tena, zikawa zile zile. Katika kuhesabu mara ya pili ndipo nikaisoma ile ya mwisho kama mtu, si kama karani.

"Hamad, huyu Mzee Faki wa mguu anakaa wapi?"

"Verani," akasema. Kisha akasimama.

Mimi na Kombo tukakimbia. Kubadhi la kwanza lilibaki kwenye tope la Ngezi, la pili nikalitupa mwenyewe kwa hasira. Tulipofika kwa Mzee Faki tulikuta gari chini ya kivuli, ng'ombe anatafuna maganda ya fenesi. Mambo yakaeleweka. Mwaka jana ng'ombe yule alilishwa mafenesi pale pale, na mwaka huu kwenye njia panda alikata kushoto kwa hiari yake, mwendesha gari anasikiliza salamu, Bi Mize anazituma. Vifuniko vya sufuria havikuguswa. Bi Mize alikuwa mbele ya sanduku amekunja mikono.

"Hamad kaninunia," akasema. "Namwita, haitiki."

Saa kumi kasorobo gari liliingia Vumawimbi, na watu walilipokea kama bwana harusi. Mzee Faki alikuja nalo, juu ya sufuria ya tatu, mguu wake kweli haujambo. Tulikula mpaka ukoko. Wanawake wakaimba, Kombo akacheza, na Hamad akamwamkia shangazi yake kwa mdomo mtupu, kirefu, hakuna betri ya kuihofia. Magharibi ilitukuta Konde, watu ishirini na sita na dereva.

Kesho yake asubuhi nilipeleka daftari afisini, na Hamad nyuma yangu amebeba masanduku, kama yatatakiwa. Karani alisoma kwa kidole.

"Sharti la tatu, maneno ya msafara tu. Hapa naona homa ya mtoto. Naona Hamad anaulizwa mke."

"Bwana karani, nisomee ya mwisho."

Akasoma. Nikamweleza habari za Mzee Faki, njia panda na ng'ombe; na kama neno lilisemwa nje ya njia, aliyeiacha njia ni ng'ombe, naye jina lake halimo katika kibali. Nikamwambia watu ishirini na sita walishiba kwa salamu ile, na kama si neno la msafara, msafara una neno gani? Akakuna kidevu, hajakubali bado.

"Na tangu nimeingia hapa," nikasema, "mimi na wewe tumeulizana hali mara ngapi kabla hujafungua daftari? Nimehesabu. Kumi na moja."

Akaficha mdomo kwa karatasi. Kisha akagonga muhuri, na Hamad nyuma yangu akavuta pumzi, nadhani ya kwanza tangu Konde.

Nilichojifunza ni kwamba sheria inakaa na watu vizuri ikiwa watu nao wameandikwa ndani yake. Karani ameliona hilo kwa namna yake. Katika ombi la mwakani ametaka tutaje mapema idadi ya salamu, ili kibali kiwe wazi. Hamad anataka kumi, kwa ajili ya betri. Mimi nimesema ishirini, tukianzia arubaini tukapunguziwa. Bi Mize anasema ishirini ni salamu za mtu uliyegombana naye. Fomu iko mbele yangu na nafasi ile bado tupu. Wenzangu, nishaurini: niandike ngapi?