Mlango Ambao Shangazi Alikataa Kuufungua

Shangazi yangu ni mtu mfupi, lakini usimwambie. Kazi yake ni kulinda seva za hospitali, zile mashine zenye majina, magonjwa na dawa za watu wote wa mji huu, wakiwemo wanaojidai hawajawahi kuumwa. Chumba chake kina baridi ya kushindana na mochwari.

Ndugu zetu wanadhani anauza kompyuta. Mimi, niliyeiacha diploma ya fani hiyohiyo njiani, ndiye pekee anayeweza kumsikiliza mpaka mwisho. Kwa hiyo haya nimeyapata kwake, na mengine kwa mtunza stoo ya dawa, ambaye mdomo wake hauna kifuniko.

Hospitali ile ina utaratibu wa ajabu: dawa hazitoki stoo mpaka Mkurugenzi aidhinishe kwenye kompyuta. Naye alizoea kuidhinisha akiwa kwenye kochi la nyumbani kwake, miguu juu ya stuli, kupitia programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Asubuhi moja waliotengeneza programu hiyo wakatangaza kwamba ina tundu. Mwizi anaweza kupenya bila hata neno la siri, akafunga mafaili yote ya wagonjwa na kudai alipwe ndipo ayafungue. Tundu huzibwa kwa kuweka toleo jipya, lakini mwenye ruhusa ya kuliweka ni fundi wa kampuni iliyowauzia mfumo, naye akasema atafika kesho.

Shangazi hakuitisha kikao. Aliizima programu hiyo.

Simu ikalia. Mkurugenzi alitaka kujua nani kamfungia. Shangazi akamweleza taratibu, akajibiwa kwamba hospitali yenyewe ndogo, nani atahangaika nayo. Akasema mwizi wa aina hii hachagui nyumba, anapita akisukuma kila mlango. Mkurugenzi akaomba nusu saa tu. Shangazi akamnyima na hiyo nusu.

Foleni mbele ya stoo ikaanza kurefuka, na hapo Mkurugenzi akapata la kusema. Akampigia daktari mkuu, akampigia mhasibu, kote akilalamika kwamba wagonjwa wanakosa dawa kwa ukaidi wa mtu mmoja. Wauguzi wakaanza kumtazama Shangazi kwa jicho la pembeni. Mtunza stoo akaja kumsihi.

"Dada, nifungulie kidogo. Wale watu watanila nyama."

"Kaka, Mkurugenzi si ana kompyuta ofisini kwake? Ile haihitaji programu hiyo, na inakula vumbi tu. Mwambie aje."

Nani amwambie? Shangazi mwenyewe akamtuma dereva na gari la hospitali. Mkurugenzi akashuka amevaa koti la suti juu, ndala chini, akanyoosha moja kwa moja hadi chumba cha seva. Mtunza stoo akamfuata nyuma; asingekosa hilo.

"Mama, washa."

"Siwashi, mzee."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimesimama."

"Basi kesho usije kazini."

"Kesho nitakuja, maana fundi anakuja na ufunguo wa hapa ninao mimi. Ukitaka kunifukuza, subiri tundu lizibwe. Sasa hivi kuna wagonjwa kwenye foleni, na wanakusubiri wewe."

Mkurugenzi akageuka na ndala zake, akaenda ofisini kuidhinisha. Foleni ikaanza kusogea.

Kesho yake alifika kabla ya wafagiaji. Fundi akaja, akaweka toleo jipya, wakakagua pamoja kama kuna aliyepenya. Hakuna. Shangazi akawafungulia programu madaktari wa zamu, wanaoitwa kwa dharura wakiwa nyumbani. Mkurugenzi akachungulia mlangoni, safari hii na viatu, akauliza yake inafunguliwa lini.

"Haifunguliwi. Dawa zitaidhinishwa humuhumu ndani, wagonjwa walipo. Jana ulisema nisije, na nimekuja. Kama bado unanifukuza, nifukuze, fundi huyu hapa awe shahidi."

Fundi akainamia begi lake, akatafuta humo kitu ambacho hakikuwemo. Mkurugenzi akageuka, akaondoka.

Hajamfukuza. Hamsemeshi pia. Wakipishana kwenye korido, Mkurugenzi hutazama ukuta. Shangazi humwamkia kwa sauti, shikamoo ndefu yenye adabu zote, kisha anashika njia yake kwenda kazini.