Fimbo Nyeupe ya Edgbaston

Mimi ndiye niliyeivunja fimbo ya yule mzee, ingawa kwa miaka mingi nilijiambia si mimi mpaka uongo wangu nikauamini mwenyewe. Juzi niliona picha yake kwenye bango la tamasha, ameinua fimbo nyeupe ya kuongozea muziki, na shahada zangu mbili hazikunisaidia kitu; niliogopa kama mtoto.

Alikuwa mtunzi wa muziki na kiongozi wa okestra, Mwingereza mgonjwa ambaye mama alimhudumia nyumbani kwake katika mtaa wa Edgbaston, huko Uingereza. Siku moja ya likizo, nikiwa mtoto mdogo, mama alinichukua kwenda naye kazini. Nyumba ilinukia supu ya vitunguu na nta ya kung'arishia meza. Mzee alifungulia redio, vinanda vikalia, akainua fimbo huku akinitazama na kutabasamu. Kwetu fimbo ilikuwa na kazi moja tu. Aliposinzia niliivunja, nikaitupa kwenye pipa la jikoni. Wiki iliyofuata mama hakuwa na kazi.

Jana nilimpigia mama simu nikaungama.

"Wambui, vile vipande niliviona," alisema. "Nikamwambia mzee ni mimi niliyeikalia."

"Lakini kwa nini, mama?"

"Ningemwambiaje mzungu wa watu kwamba mtoto wangu akiona fimbo anatetemeka?"